Maji Mabichi Hayafugi Samaki

Samaki wengi wanaokufa katika tangi jipya la kioo hawauawi na ugonjwa wala njaa. Wanauawa na taka zao wenyewe, hasa amonia wanayoitoa kupitia matamvua usiku na mchana, ndani ya maji ambayo bado hayana kiumbe wa kuila. Maji hayo hung'aa, na jicho la mwenye tangi huridhika nayo. Lakini ni maji mabichi. Waliofuga samaki kwa muda wana kumbukumbu za namna hii, na zinafanana mno: tangi linajazwa Jumamosi, samaki wanatiwa Jumapili, na mwezi haujaisha linabaki tangi tupu. Nataka kutetea hoja moja ambayo uzoefu wa matangi ya nyanda za juu za Manyara umeithibitisha: anayeanzisha akwariamu ya maji yasiyo na chumvi anafuga bakteria kwanza, samaki baadaye. Na katika wilaya za Mbulu na Hanang muda wa kuwafuga bakteria hao hausomwi kwenye kalenda ya kitabu kilichoandikwa kwingine. Unasomwa kwenye vipimo vya maji yenyewe.

Mambo yenyewe hayana ugumu. Matamvua ya samaki, kinyesi chake na chakula kilichosazwa hutoa amonia. Kundi moja la viumbe wasioonekana kwa macho hutumia oksijeni kuigeuza amonia kuwa nitriti. Kazi ya kundi jingine ni kuichukua nitriti na kuifanya nitrati. Amonia huunguza matamvua. Nitriti huingia katika damu na kuizuia isibebe oksijeni, hata damu ikawa ya kahawia na samaki akatweta juu ya maji yenye hewa ya kutosha. Nitrati ni nafuu kuliko hizo mbili: samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa, mimea huila, na inayozidi hutoka pale sehemu ya maji inapobadilishwa. Tangi jipya lina amonia tu. Viumbe wa kuigeuza hawauzwi pamoja na kioo. Lazima waje, washike kwenye changarawe, kwenye sponji ya filta na kwenye kuta, kisha wazaane. Nao huzaana taratibu. Bakteria wanaoozesha chakula huweza kuongezeka maradufu kwa muda usiozidi saa moja, ilhali hawa wa amonia na nitriti huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi. Kundi la nitriti huchelewa zaidi kwa kuwa riziki yake haipatikani mpaka kundi la kwanza lianze kazi. Kwa hiyo katika tangi jipya amonia hupanda kwanza. Ikishuka, nitriti hupanda. Nitriti nayo ikishuka, nitrati hubaki peke yake. Hatua hizo hazirukwi kwa pesa wala kwa dua.

Wasomi wenyewe walichelewa kulijua hili, na historia yao inatuonya tusiamini macho. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyowaweka samaki, mmea wa majini na konokono katika chombo kimoja, wakaishi bila maji kubadilishwa kila mara. Sababu aliyoitoa ni kwamba mmea ulitoa oksijeni na konokono walikula majani yaliyooza. Alikuwa sahihi kwa nusu tu. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki mwaka 1853, matangi ya kioo yakapendwa Ulaya nzima, lakini mfanyakazi mkuu aliyekuwa ndani yake alikuwa hajatajwa bado. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu katika mchanga wakaona amonia inageuka nitrati. Walipotia mvuke wa klorofomu kazi ikasimama, ikajulikana kuwa mfanyakazi huyo ana uhai. Aliyeiendeleza kazi hiyo huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, ni Robert Warington mwingine, mtoto wa yule wa kwanza. Ndiye aliyeonyesha kwamba mageuzi hayo yana hatua mbili, na alilipata jambo hilo katika udongo wa shamba, si katika tangi la baba yake. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky alifaulu kuwatenga bakteria wenyewe. Hata hapo habari haikuisha. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kuwa wanaoila nitriti katika akwariamu za maji yasiyo na chumvi ni jamii ya Nitrospira, si Nitrobacter waliosifiwa vitabuni kwa miaka mingi. Na mwaka 2015 ikagundulika kuwa baadhi ya Nitrospira hufanya hatua zote mbili peke yao. Ikiwa majina yenyewe ya wafanyakazi hawa yamesahihishwa mara kwa mara, mfugaji hana sababu ya kukitii kitabu kinachomwambia kwa uhakika kuwa tangi lake litakuwa tayari baada ya wiki fulani.

Mkulima wa Mbulu hahitaji kufika Rothamsted ili akubaliane na hoja hii. Wairaqw wa Mama Issara, kiini cha nyanda za juu za Mbulu, wamelima miteremko yao kwa vizazi vingi bila kuichosha, na kilimo chao kimevuta watafiti kutoka mbali. Lowe Börjeson alikiandikia kitabu kizima mwaka 2004. Mojawapo ya nguzo za kilimo hicho ni samadi: ng'ombe hulala nyumbani, samadi hukusanywa, hurundikwa, na huachwa iive kabla ya kupelekwa shambani. Anayeingia zizini alfajiri anaifahamu ile harufu inayochoma pua na kutoa machozi. Hiyo ndiyo amonia, ileile inayomwua samaki. Anajua vilevile kwamba samadi mbichi ikirundikwa kwenye shina la mche huuunguza, na kwamba ikikaa, harufu hupungua na mbolea huwa njema. Katika rundo lile sehemu ya amonia hupotea hewani, na sehemu nyingine hugeuzwa nitrati na viumbe wa ukoo uleule wanaotakiwa tangini. Mtu anayejua kuisubiri samadi iive tayari ana nusu ya elimu ya akwariamu. Nusu iliyobaki ni kutambua kuwa maji safi machoni yanaweza kuwa mabichi kuliko samadi, na hayana harufu ya kumwonya.

Basi, kama kanuni ni moja duniani kote, kwa nini nasema Mbulu na Hanang zina hesabu yake? Sababu ya kwanza ni baridi. Vitabu vingi vya akwariamu huandikwa kwa ajili ya tangi lenye hita, maji yakiwa nyuzi joto 25 hadi 28, na humwahidi msomaji wiki nne hadi sita. Nyanda za Mbulu ziko juu, na sehemu kubwa yake imepita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Katesh, mji wa wilaya ya Hanang, nayo imekaa chini ya Mlima Hanang wenye mita 3,417. Mwezi Juni na Julai maji yaliyo katika chumba kisicho na moto hupoa vibaya. Bakteria wa amonia na nitriti hupenda joto. Likipungua kwa nyuzi kumi, kasi yao hushuka kwa nusu au zaidi. Wiki sita za kitabu zinaweza kuwa miezi mitatu, bila mwenye tangi kukosea lolote. Sababu ya pili ni mwinuko. Katika mita 1,800 hewa huwa nyepesi, na maji ya joto lilelile hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya Tanga au Dar es Salaam. Bakteria hawa ni walaji wakubwa wa oksijeni: miligramu moja ya naitrojeni ya amonia huhitaji zaidi ya miligramu nne za oksijeni hadi iwe nitrati. Samaki na bakteria wanagombea hewa ileile, kwa hiyo pampu ya hewa, ambayo pwani ingeweza kuonekana pambo, huku ni ya lazima.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni asili ya maji. Hanang imekaa katika nchi ya volkano na bonde la ufa, na maji mengi ya visima vya nchi kama hii yana magadi, na mara nyingi madini ya floraidi. Ziwa Balangida, lililo chini ya mlima huohuo, ni la chumvi, ilhali Ziwa Basotu, katika wilaya hiyohiyo, si la chumvi. Kwa mfugaji wa samaki, magadi maana yake ni pH ya juu, na pH ndiyo inayoamua ukali wa amonia. Katika maji ya nyuzi joto 20, amonia iliyo katika umbo la sumu ni chini ya nusu asilimia ya amonia yote pale pH inapokuwa 7. Ikifika 8 ni karibu asilimia 4. Ikifika 9 ni zaidi ya robo. Kiasi kilekile cha amonia ambacho samaki wa maji ya pH 7 anakivumilia kinaweza kumwangamiza mwenzake wa kisima cha magadi kwa siku moja. Ukivuka kwenda Mbulu, kwenye vijito vinavyotoka katika miamba ya kale isiyo ya volkano, mara nyingi unakuta tatizo la kinyume: maji laini, yenye akiba ndogo ya kabonati. Hapo amonia si kali sana, lakini kazi ya bakteria huzaa asidi, na kila miligramu ya naitrojeni wanayoigeuza hula takriban miligramu saba za chokaa iliyoyeyuka majini. Akiba ikiisha, pH huporomoka. Ikishuka chini ya 6.5 bakteria hulegea, na chini ya 6 karibu wote husimama. Mwenye tangi huona amonia haishuki, akadhani bakteria hawajaja, kumbe walikuja wakaishiwa na chokaa. Majirani wawili wa wilaya mbili wanaweza kufuata maelekezo yaleyale neno kwa neno, mmoja akapoteza samaki kwa sumu na mwingine akakwama wiki nenda wiki rudi. Kwa hiyo kipimo kinachotangulia vyote ni cha pH ya bomba au kisima chako, na kinafanywa kabla fundi hajakata kioo.

Tangi lenyewe halina makuu. Lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35 huchukua lita 60 hivi, na fundi wa vioo na aluminiamu wa Katesh au Mbulu mjini anaweza kuliunganisha. Ahadharishwe tu asitumie silikoni ya bafuni iliyotiwa dawa ya ukungu, kwa kuwa dawa hiyo ni sumu majini. Liwekwe juu ya meza imara, maana likijaa maji na changarawe linakaribia uzito wa gunia la mahindi. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe wazi siku moja au mbili, au yatiwe dawa ya kuiondoa klorini, kwani dawa inayoua vijidudu vya kipindupindu haiwabagui bakteria tunaowataka. Filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa inatosha. Kwenye maji laini, weka mfuko mdogo wa mawe ya chokaa au maganda ya konokono wa pwani. Kisha bakteria walishwe bila samaki. Dagaa mmoja mkavu akiachwa aoze tangini hufanya kazi, ingawa kwa uchafu. Njia safi zaidi ni mbolea ya SA (salfeti ya amonia) inayouzwa katika maduka ya pembejeo, yenye asilimia 21 ya naitrojeni, mradi iwe SA peke yake bila mchanganyiko. Kijiko cha chai cha gramu kama tano kiyeyushwe katika lita moja ya maji, na mililita 120 za maji hayo zitiwe katika tangi la lita 60. Zitaleta miligramu mbili hivi za naitrojeni kwa lita. Pima kila baada ya siku mbili au tatu na uandike daftarini. Amonia ikipotea, ongeza tena. Siku utakapotia kipimo hicho na baada ya saa 24 ukakuta amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati imepanda, kazi imekamilika. Badilisha sehemu kubwa ya maji ili kupunguza nitrati, kisha lete samaki, wachache wachache. Muda uliopita kufikia hapo hauhusiki. Kama ni wiki tano, sawa. Kama ni kumi na tatu, sawa pia.

Pingamizi la kwanza huwa ni hili: mbona watu wa kwetu wanatia vifaranga vya perege katika malambo na mabwawa bila kipimo chochote, na samaki wanaishi? Ni swali la haki, na jibu lake linaipa hoja yangu nguvu. Bwawa lina tope lililojaa bakteria tangu siku ya kwanza, lina mwani unaokula amonia moja kwa moja, na lina nafasi. Wataalamu wa ugani hushauri vifaranga watatu hadi watano hivi kwa mita moja ya mraba. Kwa kina cha mita moja, hao wanagawana lita elfu moja. Mwenye akwariamu ya lita 60 akiweka samaki sita amewapa lita kumi kila mmoja, katika chombo kisicho na tope wala mwani. Isitoshe, si kweli kwamba mfugaji wa bwawa hasubiri. Mfugaji mzuri hutia samadi kwenye bwawa jipya, huacha maji yageuke kijani, na hupima kwa mkono: akizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko na kiganja kisionekane vizuri, bwawa limeiva. Anapima kwa mkono kwa sababu maji yake yanaonyesha rangi. Maji ya akwariamu hayaonyeshi chochote, kwa hiyo mkono hautoshi.

Pingamizi la pili ni la mfuko. Vipimo vya amonia na nitriti ni ghali na havipatikani kila duka. Mara nyingi inabidi viagizwe Arusha au Dar es Salaam. Ni kweli. Lakini chupa moja hutosheleza vipimo vingi, na hakuna sababu ya kila mtu kununua yake. Wafugaji watano, au shule moja na majirani zake, wanaweza kuchangia. Asiyeweza kabisa ana njia ya pili, ndefu lakini salama. Aombe sponji iliyokomaa kutoka tangi la mwenzake, aisafirishe ikiwa na unyevu na kuipachika kwake siku hiyohiyo. Aanze na samaki mmoja au wawili wagumu, awalishe kidogo kila baada ya siku moja, na abadilishe theluthi ya maji mara mbili kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu. Hapa bado tunatii kanuni ileile: kama huwezi kupima amonia, hakikisha ni kidogo kiasi kwamba haiwezi kuua. Wapo wanaouza bakteria wa chupa na kuahidi tangi tayari kwa siku moja. Sitasema wote ni waongo. Bakteria waliofika wakiwa hai hufupisha kazi. Ila hao ni viumbe, na chupa iliyokaa juani kwenye buti la basi au kwenye rafu miezi mingi yaweza kuwa kaburi lao. Namna pekee ya kujua kama wako hai ni kupima kama amonia inashuka, na hapo tumerudi kwenye kipimo tulichotaka kukikwepa.

Pingamizi la tatu hutoka kwa watu wasafi: kwa nini tusibadilishe maji yote kila wiki na kusugua kila kitu, mambo yakaisha? Kwa sababu bakteria hawaishi katika maji. Wameshikilia sponji, changarawe na kuta. Anayeosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini na kusugua changarawe hadi ing'are anaifuta kazi ya miezi kwa dakika kumi, kisha anawarudisha samaki kwenye maji mabichi. Sponji ikamuliwe taratibu ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, na maji yabadilishwe robo tu kwa wiki. Hatari ya kufanana na hiyo huletwa na umeme kukatika. Pampu ikisimama, sponji iliyojaa bakteria humaliza oksijeni iliyo ndani yake, na baada ya saa kadhaa wafanyakazi huanza kufa. Pampu ndogo ya betri au ya sola katika wilaya hizi ni sehemu ya filta yenyewe. Umeme ukikatika usiku mzima, mwenye tangi apunguze chakula siku zinazofuata na apime upya, kwa kuwa tangi lililokomaa jana laweza kuwa limerudi nyuma leo.

Lipo pingamizi la nne, na ndilo linalostahili heshima kuliko yote. Katika vijiji ambako mama anatembea na ndoo kutafuta maji, je, si anasa, hata dharau, kuyamwaga maji kwa ajili ya samaki wa kutazama? Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 kwa sababu tatizo hilo ni la kweli. Nami nakubali kwamba mahali maji yanapogawanywa kwa ndoo, akwariamu ingoje. Lakini palipo na bomba au tangi la mvua, hesabu ni nyingine. Robo ya lita 60 ni lita 15 kwa wiki, na hazimwagwi. Maji yanayotoka kwenye tangi lililokomaa yana nitrati, ambayo ndiyo mbolea ambayo mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu hununua kwa gunia. Yakamwagiliwe kwenye tuta la saumu au la mchicha, yatakuwa yametumika mara mbili. Na faida kubwa ni elimu. Mwanafunzi wa sekondari anakariri mzunguko wa naitrojeni kama mishale ubaoni, anaufanyia mtihani, anausahau. Tangi moja katika maabara ya biolojia linamwonyesha mishale hiyo ikitembea: leo amonia, wiki ijayo nitriti, mwezi ujao nitrati, na kila tarakimu ameiandika mwenyewe. Akitoka hapo na kuingia kwenye ufugaji wa perege wa bwawa, au akabaki kwenye shamba la baba yake, anajua kwa nini mbolea huiva na kwa nini samaki hutweta. Kwa gharama ya tangi moja na chupa chache za vipimo, sijui kifaa kingine cha shule kinachofundisha kemia, biolojia na kilimo kwa pamoja namna hiyo.

Anasa hiyo ina sharti moja. Samaki wa kigeni na mimea ya kununua visitoke tangini kwenda katika maji ya asili. Sangara alipandikizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa hilo zikatoweka. Gugumaji nalo lililetwa Afrika kwa uzuri wa maua yake kabla halijafunga bandari na mialo. Ziwa Tlawi la Mbulu na Ziwa Basotu la Hanang ni madogo mno kuhimili kosa la aina hiyo. Aliyechoka na samaki wake ampe mwenzake, asiwamwage ziwani akidhani amewapa uhuru.

Basi kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni mfupi. Usianze Juni. Jaza tangi Oktoba, joto linapopanda, ili bakteria wawe wamekomaa kabla baridi haijarudi. Pima pH ya maji yako kabla ya kununua kitu kingine, maana ya Katesh si ya Mbulu mjini, na ya jirani yako pengine si yako. Nunua vipimo kabla ya samaki. Na kwa walimu wa biolojia wa Mbulu na Hanang, ombeni tangi moja katika bajeti ya mwaka ujao, liandikiwe daftari, na daftari libaki shuleni kila kidato kinapomaliza. Baada ya miaka michache shule itakuwa na kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha akwariamu kinachouzwa: kumbukumbu za maji ya hapa, katika baridi ya hapa, zilizopimwa na watoto wa hapa.